Taa Zenye Adabu

Katika miaka yote niliyomfahamu, Fundi hakuwahi kukosea hata mara moja. Najua hivyo kwa sababu alinieleza mwenyewe, mara nyingi, na mara moja alinieleza nikiwa nimesimama ndani ya mtaro kule Lufingo, maziwa yamenilowesha mpaka magotini na trekta langu limelala ubavu.

Mafundi tunao wengi Tukuyu. Wapo wa cherehani, wa kuchomelea, wa simu, wa kila kitu. Lakini ukifika mtaa wa Makandana ukasema "Fundi" bila kuongeza neno, ulikuwa unaonyeshwa kibanda kimoja tu cha mabati, chenye betri zimepangwa mlangoni na waya zinaning'inia darini. Kazi yake ilikuwa umeme wa magari: taa, honi, chaji, swichi. Injini hakuigusa. Ukimletea gari lisilowaka kwa sababu ya injini alikutazama kwa huruma, kana kwamba umeleta mgonjwa wa meno kwa mkunga.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na hakuvua kofia yake ya kushonwa kwa mkono hata akiwa uvunguni mwa lori. Juu ya nguo zote alivaa koti refu jeusi la mvua, kiangazi na masika, na mkononi alishika mwavuli uliofungwa aliokuwa akiutumia kama fimbo. Mvua ikinyesha hakuufungua. Alisema ukishalowa mwavuli unachukua muda kukauka.

Kila taa aliyoifunga aliiambia kitu kimoja kabla ya kubonyeza swichi: "Haya, cheka." Taa ikiwaka, alimgeukia mwenye gari na kumuuliza, "Inacheka?" Ilibidi ujibu kwamba inacheka. Ukisema tu "inawaka" hakukupa funguo. Nimemwona dereva wa lori la mbao, mtu wa miraba minne na hasira zake, amesimama mbele ya lori lake akisema kwa sauti ya chini, "Ndiyo Fundi, inacheka."

Alipenda kusema "sisi watu wa pwani". Sisi watu wa pwani hatunywi chai ya baridi. Sisi watu wa pwani hatufanyi kazi ya kulipua. Siku moja nilimuuliza bahari ikoje. Akafikiri kidogo, akasema, "Ina maji mengi," halafu akaomba nimpe koleo. Baadaye ndipo binti yake aliponichekea jikoni na kuniambia kwamba baba hajawahi kuvuka Mbeya mjini. Pwani yake ilikuwa ya kurithi. Na akikasirika sana, Kiswahili chake kitamu kile kilimtoka chote akabaki na Kinyakyusa kitupu, tena kile cha wazee.

Jambo jingine: hakupanda gari. Mtu aliyewasha nusu ya magari ya wilaya nzima alikwenda kila mahali kwa miguu, maana kona zetu zilimgeuza tumbo. "Gari naliwasha, silipandi," alisema, kwa fahari kabisa, utadhani ni cheo. Lakini gari lililosimama hakuweza kulipita. Kwenye msiba mmoja, watu tukiwa bado makaburini, nilimwona anazunguka magari ya waombolezaji moja moja, anainama, anagonga vioo vya taa kwa kucha. Tulipomaliza kuzika alimfuata mchungaji, akampa pole kwa mikono miwili, kisha akamnong'oneza, "Taa yako ya breki ya kushoto imekufa pia." Mchungaji alilazimika kugeukia ukutani ili watu wasimwone anavyocheka.

Basi huyo ndiye niliyempelekea Ndama.

Ndama ni trekta langu. Ni trekta dogo la kukatia nyasi, lile la kukalia, lililokuwa likizunguka bustani ya nyumba ya wageni kwenye shamba moja la chai. Walipoliuza nililinunua mimi, na Lufingo nzima ilicheka. Mwanamke ana ng'ombe, nyasi anakata kwa mundu, na zinazobaki ng'ombe wanamaliza. Trekta la kukatia nyasi la nini? Nilitoa visu vyake, nikachomelewa tela nyuma, nikaanza kukusanya maziwa ya wanawake wa mlima wetu na kuyapeleka kituo cha maziwa kilichoko barabarani. Zamani tulibeba kila mtu yake, au tulimpa mtu wa bodaboda akafika na kopo nusu. Ndama alibeba yote kwa pamoja, polepole, akiguna. Vicheko vikaisha. Fundi alipolisikia jina la trekta alianza kuniita Mama Ndama, na mpaka leo hilo ndilo jina langu Makandana.

Shida yetu ilikuwa ukungu. Anayeishi Rungwe simwelezi. Miezi ya baridi ukungu unashuka usiku, asubuhi unakaa barabarani kana kwamba umelipa kodi. Taa mbili za pua ya Ndama zilikuwa dhaifu, hazionyeshi hata tope lililo chini yake. Kwa hiyo nilikuwa nangoja kupambazuke vizuri, na nikifika kituoni gari la kubebea maziwa limeshaondoka. Maziwa yanachacha, tunarudi nayo. Msimamizi wa kituo, mama mpole lakini asiyerudia maneno, aliniambia wazi: tukiendelea kuchelewa, nafasi ya mlima wetu anawapa watu wa upande wa pili. Na kituo kingine hatukuwa nacho. Maziwa yale ndiyo yaliyokuwa sabuni, ndiyo daftari za watoto, ndiyo kauli ya mwanamke ndani ya nyumba yake. Nilihitaji taa.

Fundi alimzunguka Ndama mara mbili. Kisha akasema, "Mama Ndama, mimi nitakifanya hiki kitu waje kukiona kutoka Mbeya."

Alikifanya kweli. Alichomelewa fremu ya chuma juu ya kiti, na juu ya fremu akapanga taa nne kubwa za lori. Pembeni akatia za bluu, kwa sababu, alisema, mtu anatakiwa kujua nani anakuja. Akaongeza honi. Kila kiungo cha waya alikifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akivuta kwa meno, kazi safi isiyoingiza maji. Tulipowasha pale Makandana watu walitoka madukani. "Zinacheka?" aliuliza. Nikasema zinacheka. Zilikuwa zinacheka mpaka ukuta wa upande wa pili wa barabara. Nitasema ukweli, nilijiona. Nilirudi Lufingo nimenyoosha shingo.

Kesho yake asubuhi nilipakia maziwa, nikawasha zote nne na za bluu, nikaingia kwenye ukungu. Mbele yangu pakawa peupe. Si kwamba niliona kidogo; sikuona chochote. Mwanga ulitoka juu ya kichwa changu, ukagonga ukungu, ukanirudia usoni wote. Nikaendelea kwa kukisia, kwa kuwa kusimama ni kuchelewa na kuchelewa ndiyo mwisho wetu.

Hapo mbele, ndani ya weupe ule, kikatokea kivuli cha mtu mrefu. Koti refu. Fimbo mkononi.

Lazima niseme kitu kwa wasio wa kwetu. Mimi nimelelewa kwamba mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake njiani. Ukimwona anakuja, unamwachia njia, unageukia pembeni mpaka apite. Vijana siku hizi wanasalimiana nao hata kwenye simu, sawa, lakini mimi mwili wangu ulishafundishwa. Na baba mkwe wangu ni mrefu, ana koti refu, anatembea na fimbo. Mtu mwingine angekanyaga breki. Mimi nilimwachia njia. Nilikata usukani, nikamwachia njia yote, na Ndama na mimi na maziwa ya mlima mzima tukaenda mtaroni.

Makopo yalipomaliza kubingirika nikasikia sauti tamu ya pwani.

"Mama Ndama! Mbona umeiacha barabara?"

"Nimemwachia njia baba mkwe!"

"Yuko wapi baba mkwe?"

"Ni wewe!"

Fundi alijitazama koti lake, akautazama mwavuli. Alikuwa ametembea kutoka Makandana tangu baada ya sala ya alfajiri, kuja kuiona kazi yake ikipita. Alitikisa umande kwenye mwavuli. Halafu akasema, "Taa hazina kosa. Ukungu ndio umekaa vibaya."

Na papo hapo taa zote zikafifia, zikawa nyekundu, zikazima. Betri ya Ndama ilikuwa imekwisha. Kimtambo chake kidogo cha chaji hakikuweza kulisha taa za lori.

"Zinapumzika," Fundi akasema.

Nilimtukana. Sitaandika nilivyomtukana, ila nilianza kwa Kiswahili nikamalizia kwa Kinyakyusa, na alijibu kwa Kinyakyusa, wanawake waliokuja kunisaidia kumwinua Ndama wakajifanya hawasikii. Mama Lusajo, mwenyekiti wa kikundi chetu, alizitazama zile taa za bluu akasema, "Fundi, hizi katundike kwenye harusi." Mimi nilikwenda kituoni kwa miguu, mikono mitupu, nikamwomba msimamizi. Nililia, sina haja ya kuficha. Akanipa mpaka Jumatatu. Baada ya hapo, alisema, asione mtu analia tena.

Fundi hakuomba radhi. Lakini Jumamosi alfajiri alikuwa uani kwangu amechuchumaa, ameshazifungua taa zote za juu, na siku nzima hakufungua kibanda chake. Asubuhi ile alinitaka nitembee naye barabarani, ndani ya ukungu, bila trekta. Wanawake walikuwa wanapita na mikungu ya ndizi kichwani, wanakwenda sokoni, na walikuwa wanapita mbio. Aliwatazama kwa wivu. Akamsimamisha Mama Lusajo, akamwamkia kwa Kinyakyusa.

"Mugonile, mama. Hebu niambie, mnaonaje mbele?"

"Mbele hatuoni, Fundi. Nani amekwambia tunaona mbele? Tunaangalia majani ya pembeni ya barabara, hapa miguuni."

Fundi akainama. Akapiga magoti. Kisha, na koti lake na kofia yake na upwani wake wote, akalala kifudifudi katikati ya barabara ya Lufingo, shavu kwenye tope, kama mtu anayesikiliza tumbo la ng'ombe. Watu wa ndizi wakamzunguka na kuendelea na safari. Alipoinuka ndevu zilikuwa na udongo mwekundu na macho yanang'aa.

"Huku chini kuna nafasi," akasema. "Ukungu haujakanyaga chini."

Kilichofuata kilimgharimu kitu kikubwa, na mimi ninayemjua ndiye ninayejua ukubwa wake. Kwa miaka alikuwa akizitukana zile taa ndogo za LED wanazofunga vijana wa bodaboda. Aliziita taa za kuchezea watoto. Siku ile alivuta kofia mpaka kwenye nyusi, akaingia duka la spea, akanunua mbili. Mwenye duka alimtambua kabla hajavuka kizingiti, na kufikia jioni Tukuyu yote ilikuwa na habari. Lakini zile taa zilikuwa zinakula umeme kidogo, kiasi ambacho Ndama anakimudu, na hazikuwa zinachemka. Hilo la kutochemka lilimfaa, maana alikuwa na jambo lake kichwani. Alichukua dumu langu la njano la mafuta ya kula, akalikata kwa mkasi, akazifunika taa kwa vipande vile. Akazifunga chini kabisa, chini ya ubao wa kukanyagia, moja kila upande, zikitazama ukingo wa barabara badala ya kutazama mbele. Ukimwangalia Ndama kwa mbali ulidhani amevaa soksi.

"Zinacheka?" aliniuliza.

"Zimeinama, Fundi."

"Hee. Kucheka si lazima mdomo wazi."

Jumatatu ukungu ulikuwa mzito kuliko wote wa mwaka ule. Nilikaa kwenye kiti. Fundi alikataa kupanda telani, akasema atatembea pembeni. Na kwa mwendo wa Ndama mtu anaweza kutembea pembeni na kupiga soga. Nyuma yetu walikuja wanawake wa kikundi, wote, ijapokuwa sikuwaita. Nikabonyeza swichi.

Barabara ikatokea. Sijui niseme vipi. Si mbali, hatua chache tu za njano, majani ya pembeni, ukingo wa mtaro, jiwe, tena majani. Lakini zilikuwa zangu, na kila nikizimaliza zilikuja nyingine. Juu yetu ukungu ulikaa na weupe wake, sisi tukapita chini yake. Nilianza kuimba bila kujua, wanawake wakadakia.

Karibu na darasa la chekechea, ndani ya ile njano, zikatokea buti za mpira. Miguu kwanza. Kiraka cha bluu kwenye buti la kushoto. Nilikibandika mimi mwenyewe. Uso ulikuwa bado uko ndani ya ukungu, haujafika. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Nikamsimamisha Ndama taratibu, nikageukia pembeni kama nilivyofunzwa, na baba mkwe wangu akapita salama na heshima yake yote. Alisimama upande wa Fundi. Kwangu hakuongea, ila alimshukuru Fundi kwa sauti kubwa ili nisikie.

"Ndaga fijo, Fundi. Hizi taa zina adabu. Zinamwonyesha mtu miguu, uso zinamwachia mwenyewe."

Fundi alitembea kipande kizima cha barabara huku midomo inamcheza.

Tulilikuta gari la maziwa. Liko pale, injini inaunguruma, dereva mkono dirishani. Msimamizi wa kituo alitoka na kikombe chake cha chai, akaona mwanga wa njano unatambaa chini kwa chini kuelekea kwake, akasahau kunywa. Vigelegele alivyopiga Mama Lusajo nadhani vilisikika mpaka Igogwe. Tulipima maziwa, hakuna kopo lililokataliwa, nikaambiwa nafasi ni yetu. Niliketi kwenye kopo tupu nikalia tena, na safari hii msimamizi hakunikataza. Na Fundi? Fundi alikuwa ameshalizunguka gari la maziwa, amegonga vioo kwa kucha. "Dereva," namsikia, "ya kulia imekufa. Zima gari." Akalishikilia gari tulilokuwa tumelikimbilia roho juu, akalitengeneza pale pale, na dereva hakuondoka mpaka alipokubali kwamba inacheka.

Miaka imepita. Macho ya Fundi yalianza kuingia ukungu wake mwenyewe, akafunga kibanda, akahamia kwa binti yake aliyeolewa huku huku Lufingo. Kazi aliiacha kwa shingo upande. Niliambiwa bado anaamka alfajiri na kuvaa koti.

Mwaka huu, asubuhi moja ya baridi, nilimkuta barabarani. Niliziona buti zake kwanza, kisha ncha ya mwavuli. Binti yake alikuwa amemshika mkono. Nikasimama.

"Mama Ndama," akasema, kabla sijatoa salamu. "Ya kushoto inatetemeka."

"Shikamoo, Fundi. Unaiona?"

"Marahaba. Nyuso sizioni tena. Taa naziona."

Aliinama, vidole vikaifuata waya vyenyewe mpaka kwenye kiungo kilicholegea, akakikaza kwa meno, na mwanga ukatulia. Kisha akafanya jambo ambalo binti yake mpaka leo anasimulia: akauliza kama telani kuna nafasi. Tulimweka kati ya makopo, mwavuli magotini. Mara mbili alisema tumbo linamgeuka, na mara mbili aliniambia nisithubutu kusimama.

Tulipofika juu, pale barabara inapopinda na bonde zima linakuwa chini yako, nilisimama bila kuombwa. Kulikuwa bado hakujapambazuka sawasawa. Ukungu ulikuwa umejaza bonde, na ndani yake, kila njia, vilikuwa vinatambaa vimwanga vya njano. Bodaboda. Pawatila, zile trekta ndogo za mkono, zinazobeba ndizi. Mkokoteni wa mtu. Mlima mzima umekata madumu yake ya mafuta. Hakuna hata kimoja kilichokuwa juu.

"Zipo?" aliuliza Fundi. Alikuwa amekaza macho kwenye ule weupe, na sikujua anaona kiasi gani.

"Zipo nyingi, Fundi. Bonde lote."

"Zimefungwa chini?"

"Zote chini."

"Zinacheka?"

"Zinacheka, Fundi. Zinacheka kweli."

Akaegemea makopo, akaweka kofia yake sawa, akashusha pumzi ya mtu aliyemaliza kazi.

"Unaona sasa," akasema. "Tangu siku ya kwanza nilikwambia ziwe chini."

Nilikumbuka fremu ya chuma, taa za lori, za bluu, honi. Nilikumbuka mtaro na maziwa magotini. Nikaingiza gia.

"Ulisema, Fundi," nikamjibu. "Tena ulisema mapema sana."